Porkodi na wanawake 412 walioandikwa marehemu

Saa mbili na robo asubuhi, kwenye ghorofa ya nne ya jengo la vioo kusini mwa Chennai, viti vingi bado ni vitupu. Porkodi Sadasivam ameshafika. Amesukuma mkebe wake wa chakula chini ya meza, amevua ndala, amejifuta jasho la shingo kwa ncha ya sari, na sasa ameinamia rundo la karatasi akiwa na penseli nyekundu mkononi.

Hatazami skrini. Anasema skrini humfanya mtu aruke mistari, na yeye hajiruhusu tena kuruka mstari.

"Karatasi inakushika," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiichoka, bado iko pale."

Kwenye karatasi hizo hamna sentensi. Kuna herufi mbili tatu, kisha namba, kisha herufi nyingine, ukurasa baada ya ukurasa. Porkodi anashuka nazo polepole. Akifika mahali ambapo programu moja inaiita nyingine, penseli inasimama. Anafunua nyuma kurasa sita, anahakikisha kitu, anarudi, anaweka alama ndogo pembeni, anaendelea.

Kufikia saa nne, wenzake wanapoinuka kwenda kunywa kahawa, amemaliza programu moja. Hakupata kosa humo. Hafurahi wala hasikitiki. Anavuta nyingine.

Porkodi ana umri wa miaka 59. Ni mmoja wa watu wawili waliobaki katika kampuni hiyo wanaoijua asembla, lugha ya zamani ya kompyuta kuu, zile mashine kubwa zinazokaa kwenye chumba cha baridi upande wa pili wa jiji na kushika orodha za wastaafu, za bima na za wagonjwa. Vijana wa ghorofa yake, wanaotengeneza programu za simu, humwita Bibi. Zamani alikuwa akiwajibu kwamba bibi ndiye anayelipia kiyoyozi chao. Siku hizi hajibu.

Agosti mwaka jana aligundua kwamba kosa dogo alilolifanya mwenyewe mwaka 2011 lilikuwa limewaandika wanawake 412 walio hai kuwa marehemu. Wote walikuwa wasokota bidi, zile sigara ndogo za jani, na wote walikuwa wakitibiwa kwa kadi ya mfuko wa afya wa wafanyakazi hao. Kadi ya marehemu haifungui mlango wa hospitali yoyote.

Kosa lenyewe hulieleza kwa mfano wa namba za nyumba.

"Nyumba yetu pale Mylapore ina namba mbili ukutani, ya zamani na mpya. Mji mzima uko hivyo. Sasa chukua tarishi anayezijua za zamani tu, zile fupi. Ukimpa namba mpya ndefu, hakwambii haijui. Anakata mwanzo wake, anachukua mwisho, anaenda kwenye nyumba yenye mwisho huo. Anabisha hodi. Na mtu anafungua."

Ndani ya kompyuta kuu, anasema, kila kitu kina anwani. Programu za zamani husoma anwani fupi, za biti ishirini na nne. Zilizokuja baadaye husoma ndefu, za biti thelathini na moja. Zote zinafanya kazi pamoja katika mashine moja, na zinaitana. Programu mpya ikitaka kuiita ya zamani, ni lazima kwanza iiweke mashine katika hali ya anwani fupi. Kazi ikiisha, ni lazima mashine irudishwe katika hali ndefu kabla ya kuendelea.

"Kubadilisha wakati wa kwenda hakuna anayesahau," anasema. "Ukisahau, kitu kinaanguka palepale na unapigiwa simu. Kurudi ndiko kunakosahaulika. Unarudi nyumbani ukiwa bado katika hali ile fupi na huna habari. Unatembea, unafungua makabati, kila kitu kinaonekana sawa."

Porkodi alizaliwa karibu na Chidambaram. Mama yake, Sornammal, alikuwa kibarua wa kupandikiza mpunga, na hakuwahi kujua tarehe aliyozaliwa. Anajua mwaka tu, kwa sababu ulikuwa mwaka wa kimbunga kilichochukua paa la nyumba yao. Kila alipokwenda kwenye ofisi ya serikali aliulizwa tarehe, akasema mwaka, akarudishwa nyumbani. Porkodi alikuwa akimsindikiza, kwa sababu alijua kusoma.

Alisomea hisabati, akaajiriwa mwaka 1988. Aliyemfundisha asembla ni marehemu Sabapathy, mtu mkali aliyekuwa akimrudishia karatasi zake zikiwa zimejaa maduara mekundu. Sabapathy alimfundisha kwamba mtu akiita programu ya mwenzake, amekwenda ugenini, na mambo ya ugenini yaachwe hukohuko.

Mwaka 2011, kampuni ilipokabidhiwa orodha ya mfuko wa wasokota bidi, Porkodi aliona kwamba programu ya zamani ya kukagua tarehe ilikuwa inamkataa kila mwanachama asiye na tarehe kamili ya kuzaliwa. Kwenye vijiji vya Gudiyatham na Ambur, wazee wengi wanawake walikuwa na mwaka tu. Maelfu walikuwa wamelipa michango yao bila kupata kadi.

Alisimama kwenye kikao na kuuliza kwa nini. Akaambiwa ndivyo programu ilivyo. Akasema programu inaweza kubadilishwa. Walimwachia kazi hiyo, naye akaifanya mchana mmoja, tarehe 14 Machi. Alifungua njia ya pembeni ndani ya programu ile ya zamani: mwenye mwaka tu apite huku, apewe tarehe ya kukadiria, aruhusiwe kuendelea. Majaribio yakapita. Siku kadi za kwanza zilipotoka, alinunua peremende za siagi akagawa ghorofa nzima.

"Katika miaka yote ya kazi yangu, hicho ndicho kitu nilichojivunia," anasema. "Nilimwambia mama, 'Leo nimewaingiza watu kama wewe.'"

Kwenye njia hiyo ya pembeni, mahali pa kurudi kwenye programu iliyoita, alitumia amri ya kawaida ya kurudi. Haikuwa ile inayorudisha na hali ya anwani. Njia zingine zote za programu hiyo zilirudi sawasawa. Ile ya wanawake wasio na tarehe peke yake ndiyo iliyorudi bila kubadilisha.

Kwa miaka kumi na minne haikudhuru kitu. Orodha ya wanachama ilikuwa ndogo, ikikaa sehemu ya chini ya kumbukumbu ya mashine, ambako anwani fupi inatosha. Julai mwaka jana mfuko uliungana na ule wa wafanyakazi wa viberiti. Wanachama wakawa wengi, na tarehe 3 orodha ikahamishiwa juu ya mpaka, kwenye anwani ndefu. Chini, mahali pake pa zamani, ilibaki orodha nyingine yenye umbo lilelile. Ilikuwa orodha ya waliofariki.

Tangu siku hiyo, kila mwanamke asiye na tarehe kadi yake ilipokaguliwa, mashine ilirudi katika hali fupi, ikakata mwanzo wa anwani, ikabisha hodi chini. Ikamkuta maiti. Ikaandika.

"Laiti ingeanguka," Porkodi anasema. "Programu ikianguka tunajua ndani ya dakika tano. Hii haikuanguka. Ilifanya kazi vizuri kabisa."

Kuppammal alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka 63 au 64, mkazi wa mtaa wa wafumaji mjini Gudiyatham. Tangu akiwa msichana alikuwa akisokota bidi elfu moja kwa siku, ungo mapajani. Figo zake zilikuwa zimeshindwa miaka miwili kabla, na kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa kadi ya mfuko.

Mumewe, Ponnurangam, mfumaji wa lungi, zile shuka za kiunoni za wanaume, anaikumbuka Jumatatu ya kwanza. Karani wa dirishani aliingiza namba, akatazama skrini, akamtazama Kuppammal, akatazama tena skrini. Akamwambia kwamba kadi hiyo ni ya marehemu.

"Mke wangu alikuwa mtu wa utani," Ponnurangam anasimulia. "Akamwambia, 'Mwanangu, kama nimekufa, mbona nimepanga foleni? Maiti hubebwa.' Watu wakacheka. Yule karani naye akacheka. Tukadhani jambo lenyewe ni dogo."

Karani aliwaelekeza wakalete hati ya kuthibitisha kwamba mama yu hai, iliyopigwa mhuri na ofisi ya mfuko. Ofisi ya mfuko ya Vellore ikasema haina uwezo wa kumfufua mtu kwenye mashine, labda makao makuu Chennai. Makao makuu yakapokea barua, yakaipa namba. Mhudumu wa simu, kila walipopiga, alisema suala lao linashughulikiwa.

Waliuza hereni za Kuppammal na kulipia hospitali ya binafsi mara tatu. Malipo ya mara moja tu yalizidi ujira wa bidi za siku tano. Baada ya hapo hawakuwa na cha kuuza isipokuwa kitanda cha kufumia, na Kuppammal alikataa kisiuzwe. Alivimba miguu, kisha uso. Alifariki tarehe 2 Agosti, asubuhi, akiwa ameketi, kwa sababu kulala kulimnyima pumzi.

Malalamiko yalimfikia Porkodi tarehe 19 Agosti. Yalikuwa yamepita kwenye meza tano. Katika fomu, mtu alikuwa ameandika kwamba ni tatizo la uingizaji wa data, si la haraka.

Yeye aliona kitu kimoja alipotazama majina 412. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tarehe ya kuzaliwa.

"Nilijua palepale," anasema. "Sikutaka kujua, lakini nilijua. Mtu mmoja tu katika kampuni hii ndiye aliyewahi kushughulika na wasio na tarehe."

Alitumia siku sita kutafuta namna nyingine yoyote jambo hilo lingeweza kutokea. Siku ya sita akachapisha programu ile ya zamani, akaenda moja kwa moja kwenye njia ya pembeni. Pembeni mwa mstari, kama desturi inavyotaka, kulikuwa na herufi za aliyeubadilisha mara ya mwisho na tarehe. PS, 14 Machi 2011.

Kurekebisha kulichukua dakika nne. Tarehe 26 Agosti, wanawake wote 412 walirudishwa kuwa hai kwa mpigo mmoja. Mkuu wake, Dinakar, alimpongeza mbele ya wenzake.

Porkodi akaomba majina yakaguliwe mtu mmoja mmoja. Ilichukua wiki tatu. Kumi na wanane kati ya wale waliorudishwa kuwa hai walikuwa wamekwisha kufa kweli, kati ya Julai na Agosti.

Wangapi wangekufa hata kama kadi zao zingefanya kazi? Porkodi alimuuliza daktari wa mfuko. Daktari akasema wazee hufa, na kwamba swali hilo halina jibu. Wanasheria wa kampuni walifurahi kusikia kwamba halina jibu. Ripoti ikaandikwa kwamba kulitokea "hitilafu ya muda katika usomaji wa kumbukumbu," na Porkodi akaombwa asilizungumze nje.

Dinakar, ambaye hakutaka kuhojiwa na gazeti hili, alimwita chumbani kwake na kumfariji kwa njia yake. Alimwambia, "Dada, wewe hujamuua mtu. Programu imekosea, programu imerekebishwa. Usifukue." Porkodi anasema alimjibu kwamba programu haijiandiki. Dinakar akatazama saa.

Nyumbani alimweleza mama yake. Sornammal sasa ana miaka themanini na kitu, hasikii vizuri, na ilibidi aelezwe mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu hadi jirani akachungulia. Mama akauliza, "Na mimi nimo?"

Porkodi akamwambia hayumo, yeye si mwanachama wa mfuko ule. Mama akarudia swali lilelile kesho yake, na keshokutwa.

Kabla mambo hayajatulia, mfuko ulitaka uhakika kwamba aibu ile haitajirudia. Wakaagiza kufuli: yeyote katika wale 412 asiweze kuandikwa marehemu tena bila idhini ya makao makuu. Porkodi aliambiwa aliandike kufuli hilo, naye akaliandika.

Oktoba, barua ya Ponnurangam ikafika mezani kwake. Ilikuwa imeandikwa na mwandishi wa barua wa sokoni, kwa lugha ya heshima. Ilisema kwamba tangu mwisho wa Agosti, kila Jumatatu na kila Alhamisi, simu yake inapokea ujumbe kutoka kwa mfuko. Ujumbe unasema: Ndugu Kuppammal, umekosa miadi yako ya matibabu, afya yako ni muhimu kwetu. Amepeleka cheti cha kifo ofisi ya Vellore. Karani amejaribu kukiingiza na mashine imekataa. Anaomba kwa unyenyekevu mke wake aruhusiwe kufa.

"Niliisoma nikaiweka chini," Porkodi anasema. "Nikaenda msalani nikakaa huko. Kufuli lililomkataa ni langu. Mkono wangu ulimuua akiwa hai, na mkono wangu ukamzuia asife akiwa amekufa."

Angeweza kuomba idhini na kumaliza jambo hilo kwa simu mbili. Badala yake, Jumapili iliyofuata, alipanda treni kwenda Gudiyatham. Hakumwambia mtu kazini. Alikuwa amenunua ndizi njiani, lakini alipofika kituoni aliona haya kuingia na ndizi katika nyumba ile, akaziacha kwenye kiti.

Ponnurangam anasema alimdhania ni mtu wa sensa. Mwanamke wa makamo, miwani, mkoba begani, amesimama mlangoni anataja jina la marehemu. Alimkaribisha, akamwekea mkeka. Dada wa marehemu, Rukkumani, alikuwepo, amekaa na ungo wa majani akisokota.

Porkodi alijitambulisha. Alisema anafanya kazi kwenye kompyuta ya mfuko.

Rukkumani hakuinua macho kwenye ungo. "Kumbe kompyuta ina miguu," alisema. "Sisi tuliambiwa huko hakuna mtu wa kuongea naye."

Ponnurangam alimwomba shemeji yake amwache mgeni apumue, akaagiza kahawa. Porkodi anasema alikuwa ameyapanga maneno yake ndani ya treni kwa saa mbili, na yote yakampotea. Akasema tu, "Baba, yule aliyeandika kwamba mke wako amekufa ni mimi."

Mzee alimtazama. Akamuuliza, "Ulikuwa unamjua?"

"Hapana."

"Alikukosea nini?"

Porkodi alijaribu kueleza. Alisema habari za namba za nyumba, za tarishi, za kwenda na kurudi. Ponnurangam alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. Kisha akauliza kosa lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani.

"Mstari mmoja," Porkodi akasema.

"Mstari mmoja kama wa barua?"

"Mfupi zaidi, baba. Herufi mbili na namba."

Rukkumani aliacha kusokota.

"Afadhali ungeniambia ni kitabu kizima," mzee akasema. "Ningejua tulishindwa na kitu kikubwa. Mimi nikikosea uzi mmoja, lungi inauzwa kwa bei ya chini. Mtu anavaa. Hafi."

Alitoa simu yake mfukoni, akamwonyesha ujumbe. Ulikuwa ukisogea chini ya kidole chake, mmoja baada ya mwingine, wote na jina lilelile.

"Alipokuwa hai mkasema amekufa. Sasa amekufa mnasema yu hai," alisema. "Mashine yenu ilimchukia kwa nini?"

Hakusema kwa hasira, Porkodi anakumbuka. Alikuwa anauliza kweli, akisubiri jibu.

Kahawa ililetwa. Hakuweza kuikataa wala kuinywa. Mwishowe Rukkumani alimwambia, kwa sauti iliyokuwa imelegea kidogo, "Kunywa, mama. Imeshamiminwa kikombeni." Akanywa.

Kabla hajaondoka aliahidi kwamba ujumbe utakoma. Ponnurangam alimsindikiza hadi barabarani, kama inavyompasa mwenye nyumba. Hakusema kwamba amemsamehe, na Porkodi hakuuliza. Alimwonyesha tu mahali pa kusubiri basi la kituoni penye kivuli.

Jumatatu asubuhi, kwa idhini aliyoipata kwa kukaa nje ya mlango wa mkurugenzi wa mfuko, Porkodi alifungua kufuli kwa jina moja. Akaandika tarehe ya kifo kwa mkono wake, 2 Agosti. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Kisha akafanya hivyo kwa wale wengine kumi na saba.

Gazeti hili lilimtembelea Ponnurangam wiki mbili zilizopita. Bado anafuma. Shemeji yake humletea chakula. Ujumbe ulikoma wiki ileile, anasema, na hajafuta hata mmoja wa zamani.

"Niliomba ukome," anasema. "Jumatatu ya kwanza simu haikulia. Nikakaa pale nikiitazama hadi mchana. Sijui nilikuwa nasubiri nini."

Chennai, Porkodi alirudi kazini akiwa na jambo moja kichwani. Kama yeye alikosea mahali pamoja, akiwa amefundishwa na Sabapathy, akiwa makini, akiwa na moyo mwema, basi wengine walikosea wapi? Aliomba orodha ya programu zote za mfuko na za wateja wengine zinazobadilisha hali ya anwani. Zilikuwa 870. Waandishi wake wengi wamestaafu au wamekufa. Nyingi hazijafunguliwa tangu zilipoandikwa.

Alipendekeza zisomwe zote. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba kompyuta kuu itazimwa baada ya miaka miwili na kila kitu kitahamia kwenye mfumo mpya, kwa hiyo hakuna haja ya kutumia watu. Porkodi anasema ahadi hiyo ya miaka miwili alianza kuisikia mwaka 2009. Mwenzake aliyebaki, anayejua asembla kama yeye, ana mtoto mlemavu na anaondoka saa kumi na moja kamili. Hamlaumu.

Kwa hiyo anasoma peke yake, kabla ya kazi zake za kawaida na baada yake. Tangu Oktoba amepata makosa saba ya aina ileile. Yote yamelala chini ya mpaka, hayajamdhuru mtu, yanasubiri orodha fulani ikue. Kila anapopata moja hulirekebisha, huandika herufi zake na tarehe, kisha hukaa dakika kadhaa bila kufanya lolote.

"Watu wanadhani nikipata kosa nafarijika," anasema. "Nikipata moja najua kwamba yapo. Nisipopata, nadhani sikusoma vizuri."

Ukimuuliza kama hulala, anasema hulala vizuri sana, na hilo linamtisha. Ana ndoto moja tu inayojirudia, ambayo hakutaka ichapishwe.

Tarehe 31 Mei atatimiza miaka sitini na kustaafu. Ameomba abaki bila mshahara, aje tu na penseli yake asome. Idara ya wafanyakazi ilimjibu kwa barua nzuri kwamba mtu asiye mwajiriwa haruhusiwi kusoma programu za wateja, kwa sababu za usalama wa data.

Programu zimepangwa kwa mpangilio wa herufi. Jana alikuwa katikati ya H. Amepiga hesabu mara nyingi, akijipa Jumapili, akijinyima chakula cha mchana. Akienda kwa kasi hii bila kuugua, na mama yake asiugue, siku ya kustaafu itamkuta kwenye P.

Tunamuuliza anatumaini nini.

Porkodi anaweka penseli chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Vijana wamerudi kutoka kwenye kahawa, ghorofa imejaa kelele za vibonyezo na vicheko. Macho yake yako kwenye rundo ambalo hajaligusa.

"Kwamba kuanzia Q hakuna kitu," anasema.

Kisha anavuta karatasi.